Hongo ya Upande wa Pili

“Tekla, nataka kukuoa.”

Dramu zilinyamaza. Besi likanyamaza. Hata Yahaya, kiongozi wa bendi, alibaki na kijiti hewani kama mtu aliyesahau alichokuwa anapiga.

Aliyesema ni Justus, mpiga gitaa, Mgogo mrefu wa kazi ya reli. Alisimama katikati ya ukumbi wa Isevya, mjini Tabora, gitaa tumboni, anacheka. Na kwa kuwa alikuwa anacheka, Tekla alimjibu kutoka kwenye piano kama anavyojibiwa mtani.

“Wewe Mgogo, unioe mimi? Mahari utaomba kwa bakuli gani?”

“Bakuli ninalo. Nimelirithi kwa babu.”

“Basi kaanzie stesheni. Abiria wa Kigoma wana huruma.”

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Justus alicheka kuliko wote.

Mnyamwezi na Mgogo wametaniana tangu enzi za misafara, wapagazi wa Tabora walipokuwa wakipita Ugogo na pembe za ndovu mabegani, wakitozwa hongo, yaani ushuru wa njia, hata ya kunywa maji. Ugomvi ule uligeuka mzaha, mzaha ukawa sheria: mtani akikutukana humkasirikii, akikunyang'anya humshtaki, akikuchokoza unamrudishia kwa ukali zaidi. Tekla alikuwa amerudisha. Mbona basi neno lile halikumtoka kichwani?

Alimngoja Justus mlangoni, wakati wenzao wanafunika vyombo.

“Kesho usichelewe, mtani,” Justus alimwambia. “Safari ya kurekodi imekaribia.”

“Huna neno jingine?”

“Neno gani tena? Bakuli umelikataa.”

Akacheka, akaenda zake.

Nyumbani, Bibi Katarina alikuwa anachambua choroko. Tekla aliketi kumsaidia, lakini vidole vyake vikaanza kudunda ukingoni mwa ungo. Vidole vya Tekla havikujua kutulia. Masista walimfundisha piano apige nyimbo za kanisani, yeye akaenda kuzichanganya na roki. Piano yenyewe ilikuwa kuukuu, aliiacha mzungu mmoja wa reli. Mguu wake mmoja uliliwa na mchwa, wakauegemeza juu ya mzinga mtupu wa asali uliotoka Ipole, na hapo ndipo bendi ilipopata jina la Nyuki. Bendi nyingine za mjini ziliongozwa na magitaa. Nyuki waliongozwa na piano, tena inapigwa kwa fujo hadi wazee wa mtaa wa Kanyenye wakauliza kinanda kile kimemkosea nini yule binti.

“Mke mwenzangu,” Bibi alisema, “choroko zangu zinaruka nje. Una nini?”

“Sina kitu, bibi. Justus kasema mbele ya watu anataka kunioa. Tumecheka mpaka mbavu zikauma.”

“Wote mmecheka?”

“Wote.”

Bibi aliupepeta ungo, akatupa uchafu.

“Kitendawili!”

“Tega.”

“Nimekianika juani, watu wote wamekizunguka, hakuna aliyekiona.”

“Kivuli.”

“Kivuli kinaonekana, mtoto wewe.”

“Upepo?”

“Nani anaanika upepo? Umeshindwa. Nipe mji.”

“Sikupi mji, bibi. Nitakitegua.”

“Haya. Ila usikae nacho mpaka meno yakutoke kama mimi.”

*

Walikwenda Dar es Salaam kwa treni, wakarekodi sahani yao ya kwanza ya santuri, sahani ndefu ya pande mbili. Waliiita Njia ya Wapagazi. Kila wimbo ulikuwa kituo kimoja cha njia ile ya kale, kuanzia Tabora kushuka pwani: wimbo wa mzigo, wimbo wa kisima, wimbo wa malengelenge ya miguu. Miaka ile kila bendi iliimba kijiji na jembe, na Nyuki nao walikuwa na wimbo wao wa kijiji cha ujamaa, lakini piano iliupeleka mbio hadi fundi wa mitambo akauliza kama wanakijiji wanalima au wanakimbizwa.

Wimbo wa mwisho ulikuwa muziki mtupu.

“Huu hauna maneno?” fundi aliuliza.

“Maneno yapo,” Justus alijibu. “Hayajaiva.”

“Wanajua kungoja kupewa, Wagogo,” alisema Tekla. “Hata maneno.”

Watu wakacheka. Cha Justus safari hii kilikuwa kicheko kifupi.

Ikaamuliwa Justus aende na kanda Nairobi, sahani zilikochapwa. Huko kulikuwa na mtambo wa kuweka sauti juu ya muziki uliokwisha kurekodiwa. Tekla na wenzake wakapanda treni ya kurudi. Justus aliwasindikiza.

“Mtani, nikirudi nitakukuta hujaolewa?”

“Kwa bakuli nililoahidiwa? Utanikuta.”

Treni ikaondoka wote wawili wanacheka. Ilipofika Pugu, Tekla alikuwa analia, na hakujua analilia nini.

*

Nairobi kuna foleni, Yahaya alisema. Mwezi ukapita, na mwingine. Justus aliandika kadi moja tu: “Huku hakuna wa kunitukana. Naona njaa.” Tekla aliisoma, akacheka, akaificha, akaitoa, akaisoma tena. Alipiga piano mpaka mzinga ukasogea chini ya mguu. Alifua nguo zilizo safi. Usingizini vidole vilidunda ukutani, Bibi akagonga kutoka upande wa pili: “Hodi hiyo ni ya nani?”

Ndipo akaja Modest. Huyu alikuwa bwana tumbaku, mtu wa kuzunguka vijijini na gari la serikali kuwaelekeza wakulima, shati limepigwa pasi, maneno machache. Alileta mshenga kwa Baba Eustace, baba mkubwa wa Tekla. Kisha akaomba kusema na Tekla mwenyewe, uani, Bibi akiwa hapo hapo.

“Tekla, nimekuja kwa nia ya ndoa.”

Tekla alimtazama usoni.

“Mbona hucheki?”

“Kuna cha kuchekesha?”

Hapakuwa na cha kuchekesha. Hilo ndilo lililomshinda Tekla. Kumbe mwanamume akikutaka kweli husema hivi, uso mkavu, na mshenga mbele.

“Na piano?” aliuliza.

“Kanisani, piga. Ukumbini, katikati ya wanaume, mke wa mtu... hapana, Tekla. Hapo sitakudanganya.”

Alikuwa mkweli. Tekla akakubali. Baba Eustace alifurahi hadi akasahau kukohoa, na siku ya mahari ikapangwa iwe Jumamosi.

Ijumaa, Yahaya alifika mbio na karatasi ya simu ya maandishi.

“SAHANI IMETOKA. NAFIKA JUMAMOSI TRENI YA ASUBUHI. NINA NENO. JUSTUS.”

“Nimjibu nini, mdogo wangu?” Yahaya aliuliza.

“Yuko njiani, kaka Yahaya. Utamjibu wapi?”

“Basi nikamwambie nini stesheni?”

“Mwambie...” Tekla alikunja karatasi. “Mwambie bakuli limekuja la mtu mwingine.”

*

Jumamosi ua wa Bibi Katarina ulifagiwa hadi ukang'aa. Wazee wameketi, vyungu vinachemka. Upande wa Modest ukafika na mbuzi, ng'ombe na vitenge, wanawake wanapiga vigelegele. Walipofika penye uwazi wa uzio wa minyaa, pa kuingilia, wakakuta mwanamume mrefu ameketi juu ya sanduku, amepakata mashine ya kupigia sahani.

“Simameni hapo! Hapa ni Ugogo. Hapapitwi bila hongo!”

Watu walivunjika mbavu. Mshenga wa Modest, mzee mchangamfu, akasogea.

“Wagogo mmefika hadi huku? Ukame umewafukuza?”

“Tumefuata deni la babu zenu. Walikunywa maji kwetu.”

“Chukua kuku.”

“Kuku wako amekonda kama mjomba wako.”

“Chukua mbuzi mmoja basi, tupite, jua kali!”

“Sitaki chenye miguu. Hongo yangu ni hii.” Justus aliinua sahani. Juu ya jalada palikuwa na picha ya piano na mzinga wake. “Tusikilize upande wa pili, mwanzo mpaka mwisho. Ukiisha, njia nyeupe.”

Baba Eustace alikuja akitikisa fimbo yake.

“Siku ya heshima hii! Makelele yale ya ukumbini mlangoni kwetu? Ondoka, kijana!”

“Eustace,” Bibi Katarina alisema bila kuinuka, “mtani hafukuzwi. Babu yako alipita kwao na mzigo kichwani, akalipa. Nawe lipa.”

Tekla alikuwa chumbani, amevishwa. Aliposikia sauti ile alitoka hadi kizingitini, wanawake wakimvuta kanga. Justus alimwona. Akaweka sindano juu ya sahani.

Piano ikaingia kama mvua ya kwanza juu ya bati. Watu wakashtuka, kisha mabega yakaanza kucheza yenyewe. “Huyu ni Tekla?” mwanamke mmoja aliuliza. “Wallahi ni Tekla!” Yahaya alimjibu kwa fahari. Wimbo ukafuata wimbo, mbuzi wakala maua ya Bibi, hakuna aliyewafukuza. Ukaja wimbo wa mwisho, ule uliokuwa mtupu. Safari hii ulikuwa na sauti.

“Nilisema nikicheka, nikaogopa kunyamaza,
ukanijibu ukicheka, nikashindwa kuuliza.
Kicheko, ewe mtani, leo nimekimaliza,
neno lile, neno moja, kifuani nimelibakiza.”

Mwanzoni watu walicheka, maana wamesikia “mtani”. Kisha huyu akanyamaza, na yule akanyamaza, hadi ikasikika mikwaruzo ya sindano tu, na piano ikishuka taratibu, na mtu anayeimba bila hata chembe ya mzaha.

Sahani ikaisha. Justus akaifunga mashine, akaburuta sanduku, akasimama kando.

“Hongo nimepokea. Piteni.”

“Haya!” Baba Eustace alipiga makofi. “Utani umekwisha. Ingizeni mifugo!”

Lakini Modest hakusogea. Alikuwa anamtazama Tekla, tena si usoni.

“Tekla,” alisema polepole. “Tangu nikufahamu, vidole vyako havijawahi kutulia. Mezani, kwenye mlango wa gari langu, hata kanisani wakati wa sala. Nilidhani ndiyo tabia yako.” Akanyoosha kidole. “Leo ndiyo kwanza naviona vimetulia.”

Kila mtu alitazama. Mikono ya Tekla ilikuwa imelala juu ya kanga, kimya, kama ndege wawili waliorudi kiotani. Hata yeye mwenyewe alishangaa kuiona.

“Nakuuliza mbele ya wazee,” Modest aliendelea. “Huyu bwana anatania?”

Tekla alimgeukia Bibi Katarina.

“Bibi, kile kitendawili.”

“Kipi? Vyangu vingi.”

“Ulichokianika juani, watu wakakizunguka wasikione. Ni neno la kweli lililosemwa kwa kicheko.”

Bibi Katarina alitabasamu kwa ufizi wote.

“Umechelewa, mke mwenzangu. Lakini umekitegua. Baki na mji wako.”

Tekla akasogea mbele ya Modest, akapiga goti.

“Kaka Modest, wewe ulisema kweli kwa uso wa kweli, nami nikakupa ndiyo ambayo haikuwa yako. Nisamehe. Wewe hukunikosea hata kidogo.”

Baba Eustace alikaa chini. Modest alivaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena.

“Afadhali leo mlangoni kuliko mwakani chumbani,” alisema. “Inuka. Usichafue nguo.” Kisha kwa Justus: “Bwana, hizo sahani unazo nyingine?”

“Ninazo.”

“Nipe moja. Barabara za vijijini ni ndefu.”

Justus alimpa kwa mikono miwili. Mifugo ikageuzwa, vigelegele vikakosa pa kwenda. Baba Eustace akapiga chini kwa fimbo.

“Fedheha! Fedheha gani hii, Tekla?”

“Subiri, baba mkubwa, sijamaliza.” Tekla alimgeukia Justus. “Na wewe. Sema. Ukicheka, nakufukuza mpaka Dodoma.”

Justus alikohoa. Midomo ikaanza kumcheza kwa mazoea.

“Tekla, nataka...” Kicheko kikamponyoka.

“Anza upya!”

“Tekla, mimi...” Akajifunika uso. Yahaya alimpiga ngumi ya mgongo. “Mwanamume gani wewe! Nairobi uliimbaje?”

“Nairobi hakuwapo!”

Akateremsha mikono. Macho yalikuwa yamemlowa, na kicheko hakikuwapo tena.

“Tekla. Nakupenda tangu siku ulipoketi kwenye ile piano. Naomba nikuoe.”

Watu wote walisubiri jibu la mtani, lile kali. Halikuja.

“Leta mshenga kwa baba mkubwa,” Tekla alisema kwa sauti ndogo. “Ila piano siachi.”

“Ukiiacha, bendi itaendeshwa na nani? Mzinga?”

“Na huyo mshenga,” Bibi Katarina alidakia, “asije na bakuli!”

Kicheko kilichopanda pale kilisikika hadi sokoni. Mmoja tu hakucheka. Baba Eustace alikuwa ameinama, anachora chini kwa fimbo, uso umevimba. Wakamwacha na hasira zake. Chakula kikapakuliwa, maana kilikwisha kuiva na watu wana njaa, na Tekla akaketi jamvini karibu na Justus, nafasi ya mtu mmoja katikati, kama inavyotakiwa.

Kimya kimya vidole vyake vikaanza tena kudunda juu ya jamvi. Mara vya Justus navyo vikadunda, vikijibu.

Ndipo Baba Eustace akainua kichwa.

“Wewe Mgogo.”

“Naam, baba.”

“Huo upande wa kwanza,” alinong'ona, akichungulia kama kuna anayemsikia, “una nini?”