Habari za Difu ya Nyuma

Sikizi alitambaa chini ya tumbo la gari kwa miguu yake minane ya chuma, akabandika sikio kwenye giaboksi, akatulia, akasogea. Hakuwa mkubwa kuliko kaa. Gari lilikuwa juu ya jeki, magurudumu yanazunguka hewani, na kila alipofika penye beringi aliusikiliza mlio wake na kuulinganisha na milio ya magari mabovu yote aliyowahi kuyasikia, na aliyasikia mengi. Zamani fundi wa Mbeya aliegemeza bisibisi sikioni na kubahatisha. Siku hizi jiji limepanda milima, nyumba juu ya nyumba, na gari likikosa nguvu mteremkoni huangukia paa la mtu. Kwa hiyo hakuna fowili iliyotumika, gari la kuvuta kwa magurudumu yote manne, inayouzwa kabla ya Sikizi kupita chini yake.

Alipomaliza alitoka na kuwasha taa ya kijani mgongoni. Giaboksi nzima. Difu ya mbele, inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele, nzima. Difu ya nyuma nzima, tena kimya kuliko zote.

Subilaga Mwakyoma, mhandisi mkaguzi, aliitazama ile taa na moyo wake ukakataa kutulia. Mdogo wake Ambwene alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu mlangoni, goti linamcheza. Gari lilikuwa lake, au lingekuwa lake dada yake akitia sahihi: Mbawala la kijivu lililowahi kubeba watalii. Alilitaka kwa kazi moja tu, kuwashusha wajawazito wa kijijini kwao, kule juu Isyonje, hadi hospitali ya jiji. Mvua zilishaanza, na magari ya kuruka hayathubutu kuingia kwenye ukungu wa kule. Alitaka kupanda nalo leo leo, na alishalisema hilo mpaka likawa kero.

"Dada, si taa ya kijani?"

"Ni ya kijani."

"Basi tia sahihi."

Kalamu ilikuwa mkononi, mkono haukwenda. Tairi za mbele zilikuwa kipara. Za nyuma, zilizofungwa siku moja na za mbele, bado zilikuwa na meno marefu. Gari linalogawa nguvu sawasawa haliwezi kuzeesha tairi za upande mmoja namna hiyo na kuziacha nyingine zikiwa mabinti. Akaamua kuliuliza lenyewe, maana Mbawala lina bongo-gari, akili inayoendesha, inayokihisi kila kiungo, na inayojua kuongea.

"Hali yako?"

"Salama, mama," gari likajibu kwa adabu zake zote. "Sijui wewe?"

Ambwene alicheka, akasema hata mwenye mwili amejisemea kuwa mzima. Subilaga hakucheka. Alimwambia apande, wakalitoa gari nje mpaka kwenye mteremko wa udongo nyuma ya gereji, mvua inawanyeshea.

Lilipanda, lakini lilipanda vibaya. Magurudumu ya mbele yalikuwa yanaparua matope, ya nyuma yanafuata tu, kama mtu anayejivuta kwa mikono. Subilaga aliuliza tena, safari hii akiitaja difu ya nyuma kwa jina.

"Salama tu," gari likasema.

Lile "tu" lilimchoma. Waliotengeneza bongo-gari waliifundisha kusema kwa maongezi ya abiria, miaka na miaka ya maongezi, na pamoja na lugha ikajifunza adabu. Nani kwetu hujibu salamu kwa shida zake? Mtu aliyefiwa jana, ukimuuliza habari, atakwambia nzuri. Za nyumbani? Nzuri. Watoto? Wazima. Mpaka umekaa, umepewa chai, ndipo anapumua na kusema "ila". Wale wataalamu walilichukua lile jibu la kwanza wakalifanya kipimo. Hata Sikizi huanza kwa kuliuliza gari hali yake, nalo huzungusha magurudumu vizuri kwa heshima ya mgeni. Upumbavu ulioje, alijiwazia, na sote tulipita shule.

Akalisimamisha gari katikati ya mteremko. Akakirudisha kiti nyuma, akaegemea.

"Za tangu asubuhi?"

"Nzuri, mama."

"Za huko ulikotoka?"

"Nzuri tu."

"Na magurudumu ya nyuma, yanaendeleaje?"

Mvua ilikuwa inapiga boneti.

"Yapo," likasema. "Ila."

Subilaga hakulidakiza. Alisubiri, na gari likaeleza lote. Jino la gia ya difu ya nyuma lilivunjika zamani, likawa linalia kila mlima. Watalii wakaogopa, na mwenye gari akaliamuru linyamaze lisiwatishe wageni. Basi likajifunza kutoipa difu ile mzigo wowote, barabarani hata juu ya jeki, na kitu kisichobebeshwa mzigo hakilii. Sasa na mbele kumeanza kuchoka. Likipakia watu kule Isyonje, lilisema, halidhani kama litashika.

"Mbona hukusema?"

"Wote waliniuliza wakiwa wamesimama, mama."

Subilaga aligeuka kumtazama mdogo wake akitegemea kumwona ameishiwa nguvu. Ambwene alikuwa anatazama mbele. Alisema watakwenda hivyo hivyo, ataendesha polepole. Hapo ndipo dada mtu alipoogopa kweli, maana Ambwene ni mtu ambaye havuki hata mfereji bila kupima kina chake. Kila Jumapili walikuwa wanapigiana simu. Kila Jumapili Ambwene alisema salama, na Subilaga akaingia kwenye mambo yake ya kazini.

"Za nyumbani, Ambwene?"

"Nzuri, dada."

"Na mkeo, Atupele?"

"Mzima."

Hakuuliza la tatu. Alikaa tu, mikono mapajani, na ukimya ukawa mrefu mpaka goti la Ambwene likaacha kucheza.

"Ila mvua za mwaka jana tulipoteza mtoto," akasema.

Alisimulia bila kumtazama. Mimba hawakuitangaza, mimba haitangazwi. Uchungu ulikuja mapema, usiku gari halikupatikana, wakambeba Atupele kwenye kitanda. Mtoto alizaliwa kwenye kona ya pili, akapumua kidogo. Kina mama wakamzika asubuhi, kimya kimya. Na sasa Atupele alikuwa mjamzito tena, miezi imetimia.

"Alikuwa wa kike," Ambwene akasema. "Tulikuwa tumempa jina lako."

Subilaga alisema pole. Ilitoka ndogo mno, akairudia, kisha akashindwa kuisema mara ya tatu kwa sababu alikuwa analia.

Walirudi gereji gari likishuka kwa breki. Alimwambia Ambwene ampigie mkewe. Ambwene alipiga, akamuuliza hali, na sauti ya Atupele ikajibu, salama. Subilaga akaichukua simu.

"Wifi, ni mimi. Nimekaa. Niambie."

Atupele akapumua.

"Tumbo limeanza tangu alfajiri, wifi," Atupele akasema. "Sikutaka kuwasumbua."

Subilaga alikuwa ameshasimama. Fowili ya ukaguzi ilikuwa uani, nzima mbele na nyuma, na sheria haimruhusu asiye mtumishi kupanda wala yenyewe kutoka nje ya jiji. Hakumuuliza mtu. Alifungua mlango, akaiwasha, na Ambwene akaja mbio kwenye mvua na kupanda upande wa pili.