Mule Iko Mutu

Narcisse wa Mbugangari alikuwa fundi wa redio na simu, na mtu mzuri, nasema hivyo kama jirani aliyeazima bisibisi zake akachelewa kuzirudisha. Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara iendayo mpakani. Akifunga kazi hakuja kunywa bia pamoja nasi. Alikwenda kutembeza mashine yake. Ilikuwa mashine ya kutafuta madini ardhini: fimbo ndefu yenye sahani ya duara chini, vitufe na spika juu. Aliinunua Goma, ng'ambo ya mpaka, ikiwa mbovu, akaifufua kwa mikono yake mwenyewe. Aliiita mbwa wake.

Mbwa huyo hakuwahi kumletea dhahabu. Alimletea vijiko, vizibo vya chupa, kifungo cha koti la askari, na siku moja, kwenye mchanga wa ziwa, senti ya zamani ya Wajerumani yenye tundu katikati. Narcisse aliifurahia senti ile kama mtu aliyepata mtoto. Vitu vyake aliviosha, akavitia kwenye kopo la maziwa ya unga, na hakuuza hata kimoja. Tulimcheka sana. Lakini kila mtu ana wazimu wake, na wa kwake haukumdhuru mtu.

Kulikuwa na mahali pamoja alipopatamani kuliko kwingine. Huko Nyamyumba, kwao Donatha mke wake, kwenye kilima kinachotazama ziwa, kuna tongo. Wenyewe husema itongo: palikuwa mji wa mtu, watu wakaondoka, pakabaki ua usio na nyumba. Ua huo ni wa minyaa, ile mimea ya utomvu mweupe, umezunguka duara na una upenyo mmoja tu. Ndani hapalimwi. Katika nchi ambayo watu wanalima hata ukingo wa barabara, hilo peke yake lingetosha kumfundisha mtu mzima.

"Mama Umuhire," Narcisse alimwambia mkewe jioni moja, "ule muzee wa zamani kule kwenu alikuwa muhunzi, si ndiyo? Fasi ya muhunzi haikosaka kitu."

Donatha alikuwa anachambua sambaza, dagaa wa ziwani, kwenye beseni. Hakuinua kichwa. "Bibi yangu alitukatazaka kuingia. Alisema mule iko mutu."

"Alikuwa mutu."

"Hapana. Iko."

Narcisse alicheka, akamsaidia kumwaga maji ya samaki.

Alichagua Jumamosi ya umuganda, siku ambayo kila mtu yuko nje na jembe akifanya kazi ya wote. Sisi wa Mbugangari alituambia anakwenda kufanyia umuganda ukweni. Wa ukweni hakuwaambia kitu. Alipanda pikipiki mapema kabla barabara hazijafungwa, na jua lilipochomoza lilimkuta kilimani, mashine begani, anafurahia ujanja wake. Chini yake mvuke wa maji moto ulikuwa unapanda kando ya ziwa, na mitumbwi ilikuwa inarudi. Aliwasikia watu wa umuganda wakicheka huko bondeni.

Kabla ya kuingia alibonyeza kitufe kimoja. Mashine hizi zina kitufe cha kuziambia zisijali chuma, maana chuma ni misumari na mabati, uchafu mtupu, na mtu akikifuata chote atachimba mpaka mgongo ukatike. Kwa hiyo mbwa wa Narcisse alipita kwenye ule upenyo akiwa kiziwi wa chuma. Hakubweka. Angeachiwa masikio yake, angebweka.

Katikati ya ua ndipo alipotoa sauti. Ilikuwa sauti nyororo, safi, isiyokatika, sauti ambayo Narcisse alikuwa ameingoja miaka yote. Alipiga magoti akachimba. Hakwenda chini sana. Akatoa bangili nene ya manjano, nzito, isiyo na kutu hata chembe, akaifuta kwa kidole gumba mpaka ikang'aa. Akaitia mfukoni, akafukia shimo vizuri kama ilivyo desturi yake, akalishindilia kwa kiatu.

Alipoinua macho aliona mtu anatoka.

Mtu huyo alikuwa amempa mgongo, anapita kwenye upenyo. Narcisse alifikiri ni mwenye shamba.

"Mwaramutse," alisalimia, kwa aibu.

Mtu yule alitembea polepole, akiinua miguu juu mno, kama aliyesahau jinsi viatu vinavyovaliwa. Alikuwa na koti la bluu. Kwenye kiwiko koti lilikuwa na kiraka kilichoshonwa kwa uzi mweusi. Narcisse alikijua kiraka hicho. Alikishona Donatha.

Akagusa kiwiko chake mwenyewe. Kiraka kilikuwapo.

Mtu yule hakugeuka. Alishika njia ya kushuka barabarani, akapotea nyuma ya migomba.

Narcisse aliokota mashine akamfuata. Alipita kwenye upenyo, minyaa ikamgusa bega. Akatia mguu nje. Na mguu ulipokanyaga, alikuwa anaingia. Shimo alilolifukia lilikuwa mbele yake. Ziwa lilikuwa nyuma.

Akageuka, akajaribu tena. Akaingia. Akajaribu kinyumenyume. Akaingia. Akafumba macho. Akatambaa chini ya minyaa upande wa pili, utomvu ukamchuruzika mikononi, akatokea ndani. Kila mara shimo lilikuwa mbele yake, limeshindiliwa, lina alama ya kiatu chake.

Mtu akiogopa hukumbuka mambo madogo. Yeye alikumbuka kile kitufe. Akakibonyeza.

Mashine ililia. Ililia upenyoni, ikalia kushoto, ikalia kulia, ikalia kuufuata ua wote bila kunyamaza hata kidogo. Narcisse aliitupa pale karibu na upenyo, akachimba kwa kucha. Akakuta jembe. Jembe la kufuliwa na mhunzi, la zamani, limesimamishwa ardhini. Kando yake lingine. Kando yake lingine tena, bega kwa bega, yamezunguka kama ua wa pili chini ya ua. Mhunzi yule alikuwa amemaliza chuma cha maisha yake yote hapo. Na makali hayakutazama nje, waliko wezi. Yote yalitazama ndani.

Narcisse aliirudisha bangili shimoni, akaifukia, akaomba msamaha kwa Mungu na kwa mhunzi. Haikusaidia. Hapo ndipo lile neno la bibi lilipomwingia. Mule iko mutu. Iko sikuzote. Yeye alipoingia, aliyekuwamo alipata nafasi ya kutoka.

Watu wa umuganda walipita wakirudi, majembe mabegani. Aliwaita kwa majina. Shemeji yake Janvier alisimama kando ya upenyo, nyuma ya minyaa, kufunga kamba ya kiatu, akainua uso, wakatazamana. Hapana. Narcisse alimtazama yeye, naye alitazama minyaa. Kisha akaenda zake akipiga mluzi.

Akapiga simu. Mtandao ulikuwapo.

"Alo? Papa Umuhire?"

"Donatha, niko kwa itongo. Leta batu, lakini usiingie. Unasikia? Usiingie."

"Alo? Sisikie kitu." Kisha sauti yake ikageukia pembeni, ikisema na mtu mwingine. "Ni namba yako inanipigia. Simu yako iko wapi?"

Aliyejibu alijibu kwa upole. "Iliangukaka kule. Kata."

Ilikuwa sauti ya Narcisse. Na nyuma ya sauti hiyo Umuhire, binti yake, alikuwa anacheka vile anavyocheka akirushwa juu na kudakwa.

Alikaa chini. Jua lilizama, likachomoza. Alikuwa hajala tangu alfajiri ya jana na njaa haikumjia. Kiu haikumjia. Hilo lilimtisha kuliko njaa yenyewe.

Siku hiyo, baada ya misa, Donatha alikuja.

Alikuja peke yake, na kitenge chake cha kanisani. Mume alikuwa amerudi nyumbani bila mashine, akasema haitaki tena, na Donatha, aliyeilalamikia mashine hiyo kila siku, safari hii alikosa usingizi. Akasimama upenyoni. Hakumwona Narcisse, aliyekuwa amesimama karibu kiasi cha kusikia harufu ya sabuni yake. Aliona mashine. Narcisse hakuwa ameigusa tangu alipoitupa. Akaelewa: anachokishika kinafichika pamoja naye, anachokiacha chini kinaonekana.

"Papa Umuhire?" Donatha alinong'ona.

Alishika pindo la kitenge. Akainama. Akainua mguu.

Hakuna alichotakiwa Narcisse kufanya. Kunyamaza tu. Akiingia huyu, atatoka yeye. Atashuka kilima, atamfukuza yule, atambeba mtoto wake. Nani angemlaumu? Alimpenda mke wake, na alitaka kutoka, na vyote viwili vilikuwa vya kweli, na alilia kwa sababu hiyo. Ilibaki hatua moja, na si yake.

Narcisse akainama, akaokota mashine.

Donatha aliiona ikitoweka mbele ya macho yake. Mguu ulibaki hewani. Akaurudisha nyuma, polepole, mkono mdomoni.

"Mama Umuhire."

Koti la bluu lilikuwa limesimama njiani nyuma yake, mbali kidogo. Halikusogea karibu na ua.

"Mashine yako ilikuwa apa," Donatha alisema kwa sauti ndogo. "Saa hii tu."

"Ni chuma tu ile. Kuja tuende kwa nyumba. Mutoto iko peke yake."

Donatha alimtazama sana. Akaitazama minyaa. Kisha akampa mkono, maana ni mumewe, angempa nani? Hapo ndipo Narcisse alipopiga kelele. Alilia jina lake mpaka koo likakauka. Wale wawili waliteremka taratibu, na mwanamume sasa alikuwa anainua miguu vizuri tu, kama watu wote.

Mtaniuliza nimeyajuaje. Nimeambiwa na Narcisse. Namaanisha huyu wa hapa jirani. Kibanda hakifungui siku hizi, anashinda mlangoni na mtoto, na alasiri moja aliniita, akanisimulia yote kwa sauti ya chini, hata yaliyompita moyoni yule wa uani mke wake alipoinua mguu. Kuanzia mwanzo hadi mwisho hakusema "mi" hata mara moja. Alisema "yeye". Nilimuuliza amejuaje mawazo ya mtu.

"Mule ndani kila mutu anawaza ile ile," alisema, akaendelea kumsuka mtoto nywele.

Ningekuwa na akili ningeishia hapo. Lakini Narcisse alikuwa rafiki yangu. Asubuhi moja yenye jua nilipanda kilima kile.

Mashine ilikuwa pale, hatua moja tu ndani ya upenyo. Ilikuwa imefutwa vumbi. Kitaa chake kidogo kilikuwa kinawaka, ingawa betri ilipaswa kufa zamani. Mpini ulikuwa umegeuzwa upande wangu, vizuri, kama mtu anavyokupa kisu kwa adabu. Nilisimama nikiitazama, na nikaelewa, na moyo uliniuma. Kwa mkewe aliiokota. Kwangu aliitega.

Na pamoja na kuelewa, nilinyoosha mkono. Nilijiambia ni mkono tu, miguu iko nje. Mkono ukapita upenyo mpaka kwenye kiwiko.

Kitu kikanishika.

Hakikunishika kwa nguvu. Vilikuwa vidole vyepesi, vya mtu aliyezoea kushika nyaya ndogo. Nilijitoa nikakimbia, na sikusimama mpaka lami.

Nyumbani nilivua koti. Shati langu lilikuwa safi. Lakini upande wa ndani wa mkono wa shati, ule unaogusa ngozi, palikuwa na alama za vidole vinne vya udongo. Mke wangu amelifua kwa sabuni, amelifua kwa limau, amelianika juani. Alama zipo. Jioni nawasha taa, naligeuza shati, nazitazama zimelala vipi, na mpaka leo sijui kama vidole vile vilikuwa vinanivuta au vilikuwa vinanisukuma.