Difu Isiyopita Motoni

Shemeji yangu Elirehema alikuwa fundi magari pale Same, na simsifu kwa sababu tu alimwoa dada yangu. Gari lilikuwa likija kwa mbali barabarani naye anakutajia ugonjwa wake kabla halijafika gereji. Alikuwa pia mbishi kuliko punda wa Kihurio, na ubishi huo ndio ulionipa haya ninayoyasimulia.

Enzi zile za vijiji vya Ujamaa, vipuri vilikuwa adimu kuliko mvua ya Same. Gari likifa, limekufa. Elirehema akaamua kuunda lake mwenyewe. Alichukua bodi na fremu ya Landrova iliyotupwa kwenye shamba la mkonge, akaitia injini ya Pijo, akaunganisha giaboksi aliyoichonga na kuichomelea mpaka ikakubali. Watu wakaliita Mseto. Mimi nilimwambia lina sura ya mbuzi aliyevaa koti la mchungaji, akacheka huku akiendelea kufunga nati.

Hakuliunda kwa majivuno. Dada yangu Jenoveva alikuwa amezika watoto wawili, wote waliofia njiani akiteremshwa kwa machela kutoka Chome, juu mlimani, kwenda hospitali. Sasa alikuwa na mimba nyingine. Aliambiwa ahamie Same mapema, lakini mama mkwe wake alikuwa hajiwezi kitandani, na Jenoveva hakuwa mtu wa kumwacha mgonjwa peke yake. Elirehema akamwahidi kwamba uchungu ukianza, atamfuata kwa gari. "Huyu hatumziki," alimwambia mbele yangu, na dada yangu akalia.

Tatizo lilikuwa difu. Gia zake, zile za mwisho zinazopokea nguvu ya injini na kuyapa magurudumu, zilikuwa za mwendo. Tambarare ya kwenda Kihurio Mseto lilikimbia vizuri, lakini likianza kupanda Chome lilichemka na kusimama kwenye kona za mwanzo tu. Alihitaji jozi ya mlima, yaani krauni kubwa yenye meno mengi na pinioni ndogo ya kuizungusha, polepole lakini kwa nguvu. Akatafuta Moshi. Akatafuta Mombo na Korogwe, akagonga milango ya karakana za mkonge, akasubiri dukani vipuri ambavyo kila wiki vilikuwa njiani. Tumbo la dada yangu halikusubiri.

Ndipo Sefu, fundi mwenzake kutoka Kihurio, akamwambia akiwa ameinamisha kichwa.

"Jozi ya mlima ipo, kaka. Na unajua ilipo."

Elirehema alijua, na hata mimi nilijua. Chini ya kona moja ya barabara ya Chome kulikuwa na korongo, na ndani ya korongo kulikuwa na Landrova iliyolala chali kwa miezi mingi. Ilikuwa imepakia mabati ya darasa la kijiji, na juu ya mabati walikaa watu waliokuwa wakienda kujitolea kuezeka. Ilirudi nyuma kwenye kona ikaanguka nao. Mabati yakawa visu. Dereva, Melkizedeki, alitambuliwa kwa mkanda wake tu. Waliokwenda kuokota walirudi na magunia, na hakuna aliyethubutu kuapa kwamba kila gunia lilikuwa la mtu mmoja.

Elirehema na Sefu waliteremka korongoni mchana kweupe wakaifungua difu. Gia zilikuwa nzima, zinang'aa, hazina hata doa la kutu. Sefu alisema mafuta yaliyomwagika yalikuwa bado ya moto.

Baba yake Elirehema, Mzee Anaeli, alikuwa mhunzi wa ukoo wa Washana, ukoo uliofua chuma tangu Upare haujasikia habari ya gari. Alipopata habari, aliteremka kwa miguu mpaka gereji. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kututazama, macho yake yako kwenye zile gia juu ya meza.

"Chuma kilichoua hakirudi kazini hivihivi," alisema. "Kinapita motoni kwanza. Kikiwa chekundu kinamwagiwa dengelua, pombe yetu ya miwa, kinaambiwa kazi yake ya zamani imekwisha. Hata panga la kuchinjia mbuzi mtu akijikata nalo tunalifanyia hivyo. Wewe unajua."

"Najua, baba. Lakini gia si panga. Zimekaushwa kiwandani kwa ugumu wake. Nikizitia motoni zitalainika, na meno yatakatika mlimani mke wangu akiwa ndani."

"Basi tafuta nyingine."

"Hakuna nyingine."

Mzee Anaeli aliichukua krauni, akaigeuza mkononi, akairudisha mezani. Nadhani aliona, kama nilivyoona mimi, kwamba kila mmoja wao alikuwa anasema kweli. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kisipoambiwa kazi imekwisha, kitaendelea nayo." Akaondoka bila kunywa hata maji.

Elirehema alizisugua kwa mafuta ya taa akazifunga.

Siku hiyohiyo zilionja damu. Mseto lilikuwa juu ya jeki, injini imezimwa, na gurudumu moja la nyuma limetolewa. Sefu alikuwa anafuta kitovu cha gurudumu kwa tambara. Kikazunguka. Hakikuzunguka kwa kasi, kilizunguka taratibu tu, tambara likavutwa nyuma yake, vidole vikafuata. Tulisikia mifupa ikikatika mmoja baada ya mwingine. Alipojichomoa mkono huo ulikuwa umebakiwa na kidole gumba na cha shahada, na vile vingine hatukuviona tena, si chini wala ndani.

Sefu alirudi kazini kabla kidonda hakijakauka, maana alimpenda dada yangu kama ndugu yake. Ila aliacha kuligusa gari kwa nyuma.

Kulikuwa na jambo jingine. Mseto lililazwa uani, mahali tambarare, na kila asubuhi lilikutwa limesogea. Hatua moja, mbili. Daima kuelekea Chome. Kwenye udongo kulikuwa na michirizi ya matairi, na katikati yake matone meusi ya mafuta. Elirehema alisema ni breki ya mkono. Nikamuuliza tangu lini breki mbovu ikasogeza gari mahali tambarare. Akanijibu nikapike.

Uchungu ulianza siku ya soko. Mtu alikuja mbio kutoka mlimani, nasi tukapanda: Elirehema kwenye usukani, Sefu pembeni yake, mimi nyuma na mablanketi. Sijapata kuona gari likipanda vile. Halikuchemka wala halikuhema. Kwenye ile kona ya korongo liliongeza mwendo lenyewe, na Elirehema akaondoa mguu kwenye mafuta bila kusema neno. Nilimwona jasho likimtoka shingoni.

Tulimpakia Jenoveva, tukamlaza kwenye mablanketi. Chupa ya uzazi ilikuwa imekwisha kupasuka. Tukaanza kuteremka alasiri, ukungu wa kilele cha Shengena ukiwa umekaa barabarani mpaka ukiangalia mbele unaona boneti tu.

Tulipofika kwenye kona, gari likawa zito.

Lilizama kwenye springi zake, upande mmoja kisha mwingine, kama gari linavyozama watu wakipanda. Kitu kikagonga paa. Kiganja. Kisha viganja vingi, na mlio wa mabati yakisuguana. Jenoveva alinishika mkono, akaninong'oneza, "Dada Honorata, hao wamekaa wapi?"

Gari likasimama. Likaanza kurudi nyuma.

Elirehema alizima injini. Likaendelea. Akakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Harufu ya breki kuungua ikajaa ndani. Likaendelea, kinyumenyume, kupanda mlima, na kwenye kona ile kurudi nyuma moja kwa moja kulikuwa ni kutumbukia korongoni.

"Sefu, shika usukani na breki," alisema. "Natoa ekseli. Nikitoa moja, difu inazunguka bure. Shemeji, mawe."

Niliruka, nikatupa mawe nyuma ya magurudumu. Gari likayaegemea, likitetemeka. Yeye akalala chini na spana yake, akafungua nati za kitovu cha kulia, akachomoa ekseli, lile shafti refu la chuma linalozungusha gurudumu. Kwa akili ya ufundi ilitosha. Gurudumu la kushoto lilipaswa kusimama.

Halikusimama. Jiwe lake likapasuka.

Nikaweka jingine. Akakimbilia kushoto. Nati moja. Ya pili. Ndani dada yangu alipiga ukelele, nikasikia Sefu akimwambia avumilie. Nati ya mwisho. Elirehema akalikamata shafti kwa mikono miwili akavuta, likatoka nusu, likazunguka.

Lilikamata mkono wa kulia wa ovaroli. Likausokota. Likasokota nguo, likasokota ngozi, likafika mfupa. Mfupa ukachanika kwa urefu kama kuni mbichi. Damu ilinirukia mdomoni. Hakulia. Aliweka mguu kwenye tairi, akajisukuma nyuma kwa nguvu zake zote, na shafti likatoka lote likiwa limeuvaa mkono wake mpaka begani.

"Achia breki," alisema.

Sefu akaachia. Mseto likateremka, jepesi, halina sauti, likapotea kwenye ukungu pamoja na dada yangu. Viganja viliacha kupiga.

Tukabaki wawili barabarani. Nilidhani yamekwisha. Nilivua kanga nimfunge bega.

Shafti lilikuwa bado linazunguka.

Halikushikwa na kitu. Lilikuwa chuma kitupu kilichochomolewa, na lilizunguka ndani ya nyama yake, taratibu, likibiringika kupanda mlima. Lilimburuza. Nilimshika miguu. Nikapiga magoti, nikachimba vidole vya miguu ardhini. Kichwa chake kiligonga jiwe, kikagonga jingine, na kila kilipogonga macho yake yalinitazama. Akanong'ona, "Niache, shemeji. Kamwone mtoto." Kiatu chake kikabaki mikononi mwangu. Ukungu ukamchukua, na kwa muda mrefu nilisikia visigino vyake vikikwaruza changarawe, kwenda juu.

Walimkuta kesho yake kwenye sakafu ya lile darasa ambalo halikuezekwa. Alikuwa amelazwa katikati vizuri, miguu imenyooshwa. Mkono haukuwepo. Shafti lilikuwa pembeni yake, kavu, safi, halizunguki tena. Barabara nzima kutoka kona mpaka pale kulikuwa na mistari miwili ya visigino.

Gari lilishuka kwa mteremko, watu wakalisukuma tambarare, na Sefu akafika Same akishika usukani kwa mkono mzima na vidole viwili. Mtoto alizaliwa mzima, msichana, tukamwita Rosemary. Jenoveva alimnyonyesha akiwa amevaa nguo za msiba, na sitasahau jinsi alivyomkumbatia, nusu kwa furaha na nusu kwa chuki.

Mzee Anaeli alizitoa gia mwenyewe. Alizichoma motoni mpaka zikawa nyekundu, akazimwagia dengelua, akaziambia kazi imekwisha. Alizika kila kipande. Kisha akakaa kando ya moto akimtazama mjukuu wake usoni, akanigeukia. Chuma kimepita motoni, alisema, lakini huyu aliyebebwa nacho tutampitisha wapi?

Nilimlea Rosemary mimi, dada yangu alipochoka. Akiwa mdogo nilimlaza kichwa upande wa bondeni, asubuhi namkuta kichwa kiko upande wa mlimani. Nikasema watoto hugeuka. Alipokua, kitanda chake kilianza kuacha michirizi sakafuni. Hatua moja, mbili. Nilimhamisha chumba, nikahama naye nyumba. Sasa ameolewa Kihurio, kwenye nyumba ya saruji, na mume wake Amiri ni mtu wa vitendo: alitoboa sakafu akakifunga kitanda kwa bolti.

Juzi Amiri aliniita, nikaenda, nikalala kwao mpaka alfajiri. Bolti zilikuwa zimekaza na kitanda kilikuwa palepale. Rosemary tulimkuta amelala usingizi mzito kizingitini, kichwa kikielekea Chome, mkono wake wa kulia umenyooshwa mbele kana kwamba kuna aliyeushika. Amiri alinionyesha sakafu, akaniuliza kwa kunong'ona kama naweza kumweleza. Kutoka kitandani mpaka mlangoni, juu ya saruji ngumu, kulikuwa na mistari miwili ya visigino, na katikati yake matone ya mafuta meusi. Niliinama nikagusa tone moja. Lilikuwa bado la moto.