Kufuli la Choo cha Mgeni

Muhidini alikuwa na ufunguo mmoja tu. Nyumba yake haikuwa na kufuli. Banda la kuku lilifungwa kwa kamba. Ufunguo ule alioning'iniza shingoni ulikuwa wa choo.

Kila asubuhi, akishaswali alfajiri, alikwenda nyuma ya nyumba kufungua kufuli. Alijaza maji kwenye kopo na kuliweka mlangoni. Kisha alipiga hodi kwenye chumba cha mgeni.

"Bi Luzi, choo tayari."

Luzi alikuwa msichana kutoka Ufilipino, nchi ya mbali upande wa mashariki. Alikuja kujitolea katika kitongoji chao, karibu na Mbuchi. Uongozi wa kijiji ulimkabidhi kwa Muhidini kwa sababu nyumba yake ilikuwa na chumba cha ziada.

"Analipwa nini?" jirani yake Haruni aliuliza siku ya kwanza.

"Anapewa chakula na pa kulala. Anajitolea kufundisha mambo ya afya."

"Kwao hakuna vijiji?"

Luzi alisikia, akacheka. "Vipo vingi," alisema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. "Mpunga upo. Na mbu wapo."

Tangu hapo watu walimpenda. Alijua kupalilia mpunga, na ukoko wa wali aliugombania na watoto.

Miaka ile biashara ilikuwa imeachiwa huru. Saruji na mabati, vitu vilivyokuwa vikitafutwa kwa kibali, sasa vilijaa madukani Kibiti. Shirika lililomleta Luzi lilitoa saruji na mabati machache. Wanaume wa kitongoji walitoa nguvu zao. Walijenga choo cha mfano kwa Muhidini, mbali na kisima. Huku delta, mto unakoingia baharini, ukichimba kidogo tu unakuta maji. Kwa hiyo waliinua tuta la udongo kwanza, wakajenga choo juu yake.

Kilipokwisha, kilikuwa jengo zuri kuliko yote pale. Sakafu ya saruji, paa la bati, mlango wenye bawaba. Nyumba ya Muhidini mwenyewe ilikuwa ya makuti. Alikwenda Kibiti akanunua kufuli.

"Na sisi je?" mkewe, Rukaiya, aliuliza.

"Zile sahani zako za maua unalia wali kila siku?"

Sahani za maua zilikaa sandukuni, zikisubiri wageni. Kwao ndivyo ilivyokuwa. Kitu kizuri huwekewa mgeni.

Basi mgeni alitumia choo. Wenye nyumba waliendelea kwenda kichakani, upande wa juu wa kisima, kama zamani. Luzi hakujua. Aliondoka mapema kwenda vitongoji vingine na kurudi jioni. Alidhani kufuli ni la kuzuia wezi wa mabati, na kwamba yeye akitoka chooni wengine wanaingia.

Masika ilipoanza, Luzi aliitwa Dar es Salaam kwenye mkutano. Mvua ilinyesha mfululizo. Wiki ile ile Zawadi, binti wa Muhidini wa miaka minne, alianza kuharisha.

Siku ya pili mtoto hakuweza kusimama. Alilia, lakini machozi hayakutoka.

"Nampa maji," Rukaiya alisema.

"Usimpe!" mama yake Muhidini, Bi Sihaba, alimkemea. "Tumbo limejaa maji, ndiyo maana linatoka. Likikauka atapona."

Muhidini alikaa mlangoni. Hakujua amsikilize nani. Mwaka wa nyuma, Haruni alimzika mtoto kwa ugonjwa huo huo, msimu kama huu.

Mchana ule Luzi alirudi. Aliweka mfuko chini, akamtazama Zawadi. Macho ya mtoto yalikuwa yameingia ndani. Aliibana ngozi ya tumbo lake kwa vidole, akaiachia. Ilibaki imesimama.

"Maji yaliyochemshwa yapo?"

"Yapo ya chai. Yamepoa," Rukaiya alijibu. "Lakini mama anasema asipewe."

Luzi alimgeukia Bi Sihaba. "Bibi, ndoo inavuja. Ukiacha kuitia maji, inakuwaje?"

"Inabaki tupu."

"Zawadi anabaki mtupu. Tumrudishie maji."

Alipima lita moja ya maji yaliyochemshwa. Alitia vijiko vidogo sita vya sukari, vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Alikoroga, akaonja.

"Yasiwe na chumvi kuliko machozi," alisema. "Mpe kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, subiri kidogo, mpe tena. Na sasa hivi twende zahanati. Mtoto aliyelegea hivi si wa kutibiwa nyumbani."

Muhidini aliwapakia mtumbwini, akapiga kasia mpaka mikono ikafa ganzi. Njia nzima Rukaiya alimnywesha mtoto. Walipofika zahanati, mganga alimpokea haraka, akamtundikia maji.

"Mmefanya vizuri kumnywesha njiani," alisema. "Mngemwacha akauke, msingefika naye."

Walirudi naye nyumbani siku ya tatu. Luzi alimkuta Muhidini akifunga kufuli.

"Baba Zawadi, choo hiki anatumia nani?"

"Wewe."

"Na nani mwingine?"

"Wewe peke yako! Tumekutunzia. Hajaingia hata kuku."

Luzi alimkodolea macho. "Zawadi anakwenda wapi?"

"Kichakani, na wenzake."

"Nipeleke."

Walisimama pale kichakani. Luzi alionyesha kwa kidole. Kinyesi kilikuwa kila mahali. Mifereji midogo ya mvua ilipita katikati yake na kuteremka moja kwa moja hadi kisimani.

"Mvua ikinyesha, haya yanakwenda wapi?"

Muhidini aliona. Lakini alikuwa mbishi. "Ya watoto hayana madhara. Na nikiwafungulia, watakichafua choo."

"Ya watoto yana madhara vilevile. Na choo kikichafuka kitaoshwa. Zawadi akifa atarudi?"

Muhidini aliondoka.

Asubuhi alipiga hodi kama kawaida. "Bi Luzi, choo tayari."

Luzi alitoka, akachukua kopo, akakipita choo. Alikatiza katikati ya kitongoji, mbele ya macho ya watu, akaelekea kichakani. Wanawake waliokuwa kisimani waliacha kuteka maji, wakamtazama. Haruni naye alimwona.

"Bwana Funguo!" alipaza sauti. "Mgeni wako umemfukuza chooni? Amekukosea nini?"

Muhidini alitamani ardhi immeze. Luzi aliporudi, alimngoja uani.

"Unanivunjia heshima, dada yangu. Watu watasema nimekutesa."

"Mimi nakaa nyumba hii. Nakwenda wanakokwenda watu wa nyumba hii."

Muhidini alimtazama Zawadi. Alikuwa amelala mkekani, miguu kama fito. Akavua ufunguo shingoni.

"Mama! Rukaiya! Njooni!"

Bi Sihaba aliingia wa kwanza. Alikaa sana. Alipotoka alikuwa amenuna.

"Kumbe ndani kuna raha namna hii, na mlikuwa mnaninyima?"

Tangu siku hiyo choo kilikuwa cha wote. Kinyesi cha watoto wadogo kilitupwa humo humo. Rukaiya aliweka ndoo na sabuni mlangoni, na sabuni ikiisha, majivu. Kila atokaye alinawa, na kabla ya kula walinawa tena. Maji ya kunywa yalichemshwa. Kisima kilisafishwa, kikawekewa ukingo na mfuniko. Haruni hakusubiri saruji ya mtu. Aliinua tuta lake, akajenga kwa miti, udongo na makuti, akachonga mfuniko wa shimo. Wengine walimfuata. Masika iliyofuata, kitongoji hakikuzika mtoto kwa kuharisha.

Kufuli halikutupwa. Muhidini alilitumia kufungia mtumbwi wake.

Miaka miwili ya Luzi ilipokwisha, Rukaiya alipakua wali wa kumuaga. Zile sahani za maua zilitoka, na safari hii wenyeji nao walilia wali humo. Asubuhi yake, kabla ya kupanda mtumbwi, Luzi alichukua kopo na kwenda nyuma ya nyumba. Mlango ulikuwa umefungwa. Akabisha.

Sauti ndogo, nzima, ya Zawadi ilimjibu kutoka ndani.

"Kuna mtu!"

Luzi akaweka kopo chini, akasubiri zamu yake.