Kikohozi Kwenye Kompyuta ya Studio

Wimbo wa kanisa uliisha, kisha kompyuta ikakohoa.

Hakuna aliyerekodi kikohozi. Gai, fundi wa studio ndogo kambini Kakuma, aliurudia wimbo, na kila ulipoisha kifua kizito kilikohoa ndani ya spika na chumba kikanuka nywele zilizoungua. Tena mchana kweupe, mwaka wa tisini na tisa, jua la Turkana likiwaka.

"Kosa liko kwa programu," alinong'ona Nakiru, msimamizi wake aliyetoka Lodwar. "Hii ni ya bure, na maandishi yote yanayoiendesha tumepewa. Fungua, tafuta penye shida, rekebisha."

"Hiyo kazi ni kubwa, dada. Wacha niizibe tu."

Aizibe! Ndiye Gai huyo, bingwa wa kuziba. Aliandika amri fupi ya kukata sauti kila wimbo unapoisha, akajisifu, akaenda zake nyumbani. Huko akamkuta bintiye Nyibol, mtoto wa kuimba kutwa nzima, amekaa mlangoni anakohoa kwa kifua cha mwanamume.

Mkewe alisema ni vumbi. Gai alikitambua kile kikohozi. Alirudi mbio, akaiondoa amri, spika ikakohoa, na mtoto akapona saa ileile. Mwenye akili angekoma hapo. Lakini kanisa lilitaka nyimbo zake, basi mjinga huyu akaweka amri nyingine, kali zaidi. Safari hii Nyibol alifungua mdomo, ikatoka harufu ya nywele zilizoungua, na sauti haikutoka kabisa.

Nakiru akampeleka Gai kwa Lokorio, mganga wa Kiturkana. Mzee alirusha viatu vyake vya ngozi kupiga ramli, akatazama jinsi vilivyoanguka, uso ukambadilika.

"Ni ekipe, nyinyi mnasema jini. Nyumba yake ni hiyo mashine. Ukimziba huko, anahamia kwa mtoto. Toa kizibo, umsikie amerudi ndani. Halafu ndio ufunge mlango anaotokea. Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

Alisikia wapi! Alikaa mbele ya kompyuta jasho likimtoka, akayafungua maandishi ya programu, akasoma na kusoma huku Nakiru akisali kwa sauti ya chini, mpaka akapaona mahali ambapo programu haikuambiwa inyamaze wimbo unapoisha, akaparekebisha.

"Umetoa ile amri yako? Umemsikia amerudi?" Nakiru aliuliza.

"Nimerekebisha penyewe. Ya nini tena kumngoja?"

Wimbo ukaisha. Kimya safi. Gai akakimbia nyumbani, na mkewe akamlaki analia kwa furaha: mtoto ameongea!

Nyibol aligeuza kichwa taratibu.

"Baba," ikasema sauti nzito ya mwanamume, "kwangu umefunga. Sasa nitakaa hapa."