Tofali Ndani ya Beseni

Ndugu zangu wa Mangobo, sikilizeni yaliyoipata nyumba ya Papa Isaïe.

Jumamosi moja asubuhi, palikuwa na amani katika kiwanja chake. Alikuwa akishindilia matofali ya udongo kwa mashine ya mkono huku akiimba wimbo wa kanisa. Mkewe, Mama Wivine, alikuwa akichambua pondu, majani ya muhogo. Walitaka kumaliza nyumba kabla ya mvua kubwa, watoke kwenye chumba cha kupanga.

Wivine akachukua tofali moja kavu, akalizamisha ndani ya beseni la maji.

"Unaogesha tofali sawa mutoto?" Isaïe akacheka. "Leta na sabuni basi!"

"Tonton Arsène, maçon, fundi wa kujenga wa parokia, alisema: siku moja ndani ya mayi. Ikibakia muzima, tunajenga."

Kicheko kikakatika. "Mama, hii matofali nilishaiombea. Biblia inakataza kumujaribu Mungu!"

"Papa, mi sijaribu Mungu. Najaribu udongo."

Isaïe akalitoa tofali, akamwaga maji.

Tazameni, ndugu zangu, jinsi neno moja, "kujaribu", linavyoweza kumpoteza mtu mwema.

Ukuta ukapanda. Wiki ya tatu mvua ikanyesha tangu alfajiri. Plamedie, binti yao wa miaka sita, akajikinga kando ya ukuta ule. Wivine akaona matofali ya chini yakilainika kama ugali wa fufu. Akakimbia, akamvuta mtoto kwa gauni. Ukuta ukaanguka palepale mtoto alipokuwa amechuchumaa.

Isaïe akapiga magoti matopeni. "Mungu ametuokoa!"

"Alianza kutuokoa siku ile ya beseni," Wivine akajibu. "Ukamwanga mayi."

Mvua ilipokatika, Isaïe akaenda mwenyewe kumwita Tonton Arsène. Wakachanganya udongo kwa namna tatu, wakakausha matofali kivulini kwa mwezi mzima, kisha wakayaloweka. La kwanza likayeyuka. La pili likapasuka. La tatu, la udongo mwekundu na simenti kidogo, likatoka zima. Isaïe akaliinua hadi usawa wa kifua chake, akaliachia. Likadunda chini bila kuvunjika.

"Bon," Wivine akasema, "sasa tuombe."

Wakaomba, mikono yao ikiwa juu ya tofali lenye maji. Kisha wakaanza tena msingi.

FUNZO

Tusifunike kiburi chetu kwa jina la Mungu. Kumjaribu Mungu ni dhambi. Kujaribu udongo ni kumpenda mtoto atakayelala kando ya ukuta. Aliyetupa udongo wa kujengea ndiye aliyetupa na maji ya kuupimia.