Siku ya Kunyolewa Misikhu

Siku ya soko, Kitale hujaa matope, magunia ya mahindi na honi za tuktuk. Katikati ya kelele hizo Ian aliingia kwa kinyozi mbio kama mtu anayefukuzwa. Juu alivaa shati jeupe na tai nyekundu. Chini alikuwa na kaptura na patipati zenye tope.

"Sista, niko na intavyu saa hii. Ya Doha, kwa simu," alisema akihema. "Nyoa tu mahali kamera itaona."

Wangu, kinyozi mwenyewe, msichana wa Endebess aliyekuwa na rasta zinazofika kiunoni, alimpima kutoka tai hadi patipati. "Na wakikuambia usimame?"

"Nitawaambia kwetu hatusimami wakubwa wakiongea."

Wangu alicheka hadi mashine ikamtetemeka mkononi. Alimnyoa haraka, akamketisha nyuma ya pazia, akazima mashine na redio, akawaomba wateja wanyamaze kidogo. Nywele za Ian zilikuwa bado sakafuni alipotoka akiruka. Alikuwa amepata kazi ya hoteli.

Wiki zilizofuata, akingoja viza, alirudi kunyolewa hadi hakukuwa na cha kunyoa.

"Nywele huna. Nikunyoe nini?"

"Ninyoe mawazo, bebi. Yote yako kwako."

Kabla ya kusafiri alimpeleka kwao Misikhu. Wangu alivaa gauni la kijani na viatu vya chini, kwa heshima. Mama Roselyne, mamake Ian, alimpenda tangu mlangoni. Mzee Hesbon, babake Ian, aliwasimulia jinsi alivyohamia Kitale ujanani kutafuta kazi ya kinu cha unga. Ilibidi awe na barua ya pasta, alale sakafuni kwa binamu, na asimame langoni mwa kinu kila asubuhi hadi mtu akamwonea huruma.

"Siku hizi kuhama ni rahisi, baba," Ian alisema. "Mimi nimepata kazi nikiwa na patipati."

Mzee alitabasamu. Kazi ile, alisema, aliipoteza siku redio ilipotangaza kifo cha mamake. Aliondoka na unga kwenye nyusi, bila kuaga, akakuta kaburi linamngoja. "Kwenda kulikuwa kazi," alisema. "Kurudi sikufikiria mara mbili."

Ian akaenda Doha. Alipiga simu kila jioni, akimwita Wangu roho yangu, akimwonyesha mazulia na taa za hoteli. Mama Roselyne alipougua, Wangu ndiye aliyekwenda kila Jumapili kumwogesha, kumbadilishia shuka na kumlisha uji kwa kijiko. Mama akaanza kumwita mtoto wangu. Alipofariki, Ian alilia kwenye simu hadi sauti ikakauka. Alisema mkubwa wake amekataa kumpa ruhusa.

Wangu alimwamini. Wajomba walipoanza kunung'unika kwamba Ian haji, aliwajibu kwamba kazi ya watu si shamba la baba. Aligombana hata na Nanyama, dada ya Mzee, ambaye watoto wote wa boma walimwita senge, yaani shangazi.

Mazishi yenyewe yalikuwa ya kutia kichefuchefu. Ian alikuwa ametuma bango kubwa lenye picha yake na miwani ya jua, likatundikwa mlangoni mwa hema, kubwa kuliko picha ya marehemu. Mpiga picha alikanyaga udongo wa kaburi akitafuta mahali pazuri. Wanawake walipoanza kulia, aliwaomba wangoje abadilishe betri. Nao wakangoja. Wangu aliona aibu kwa niaba yao wote.

Siku ya kunyolewa, ambapo jamaa wa marehemu huondoa nywele za msiba, ikafika. Senge Nanyama aliketi na wembe, beseni la maji na jani la ndizi la kupokea nywele. Kigoda cha mtoto wa kwanza, yaani Ian, hakikuachwa wazi. Simu iliegemezwa juu yake, na Ian akatokea akiwa na suti mpya.

"Bebi, nimekuwa supavaiza," alisema kabla ya salamu. "Sasa naweza kukuleta. Ukuje tuoane huku. Kila kitu ni kwa simu, hata pasta."

Wangu alitazama kioo cha simu. "Walikunyima ruhusa ya kumzika mama. Leo wanakupandisha cheo?"

Ian alikuna shingo. "Walinipea ruhusa. Lakini ningekuja, hiyo nafasi ingechukuliwa na mwingine. Nilifanya hivyo kwa sababu yetu, roho yangu."

Mzee Hesbon, kichwa kikiwa kimenyolewa nusu, aliinama akatazama mvi zake magotini. Wangu alikumbuka kila mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemdanganya bila kujua, akimtetea Ian, na wa kwanza alikuwa mzee huyu.

"Na wewe utanyoa lini?" senge aliuliza simu.

"Senge, huku hotelini hawataki kipara. Wageni wanashtuka."

Mtu mmoja alicheka, akanyamaza alipoona yuko peke yake.

Wangu aliondoa simu kwenye kigoda, akaiweka chini, akaketi. Akaanza kufungua rasta moja baada ya nyingine, na wasichana wa boma wakaja kumsaidia. Zilipoisha, senge alishika wembe lakini hakuanza. Kila aliyeketi hapo alipaswa kusema yeye ni nani kwa marehemu.

"Nikunyoe kama nani? Bibi ya Ian?"

"Hapana, senge. Kama binti yake."

Senge akashusha mkono. "Unajua unachosema? Ukiwa binti ya Roselyne, huyu wa kwenye simu ni ndugu yako. Ndugu haoi dada yake hapa kwetu."

"Najua."

"Wangu, wachana na hayo mambo," Ian alisema kutoka chini. "Mpenzi, hizo nywele..."

Mzee Hesbon aliinuka na kichwa chake cha nusu, akaokota simu. "Usimwite mpenzi," alimwambia mwanawe. "Huyo ni dada yako." Akaizima, akaitia mfukoni.

Senge alichovya mkono kwenye beseni, akamlowesha Wangu kichwa kwa maji baridi, akaanza kunyoa.